Gari ikikosa nguvu mzunguko wa chini: maneno yangu kwa mafundi wanaoanza

Wadogo zangu, mmenichosha na plagi.

Gari inaingia gerejini, mwenyewe anasema haivuti ikiwa mzunguko wa chini, na kabla hajamaliza kueleza mmoja wenu ameshamtuma saidia fundi dukani akalete plagi nne. Jioni plagi zimefungwa, gari iko vilevile. Kesho yake koili. Keshokutwa pampu ya mafuta. Wiki inayofuata mteja hapokei simu na nyinyi mnasema ni msumbufu. Nimeliona hili kwa kila kundi la vijana waliopita hapa, na mimi mwenyewe nililifanya vibaya kuliko nyote. Nitalieleza huko mbele, kwenye namba 5, bila kuficha.

Mikono yenu ni mizuri. Mnashusha throto bodi na kuirudisha haraka kuliko nilivyoweza mimi nikiwa na umri wenu, na spana hazipotei tena kama zamani. Kinachowaponza ni kufungua kabla ya kujua mnatafuta nini. Basi someni, na msiruke kwenda kwenye vipuri.

1. Muulize mwenye gari, halafu mwache aongee.

"Haina nguvu" peke yake haikupi pa kuanzia. Uliza: ni asubuhi ikiwa ya baridi, au hata ikishapata moto? Ni pale unapoachia breki kuondoka, au ni katikati ya mlima ikiwa gia ya juu? Ukiwasha AC inazidi? Ukikanyaga mafuta mpaka chini inaamka au inazidi kuzama? Na swali linalolipa kuliko yote: kabla tatizo halijaanza, gari ilifanywa nini?

Mama mmoja alituletea Noah inayotetemeka na kulegea kila akiondoka kwenye taa. Kijana aliyeipokea aliandika "plagi" kwenye kadi. Nikamuuliza yule mama swali hilo la mwisho, akasema jana yake ilioshwa injini kwa mashine ya presha. Tukavua koili, tukakuta maji yametuama kwenye mashimo ya plagi. Tukayapuliza kwa kompresa, tukakausha koili na mipira yake, mama akaondoka kabla chai aliyoletewa haijapoa. Plagi nne za kijana wangu zilirudi dukani na maboksi yake.

Halafu panda gari na mwenyewe. Aendeshe yeye, wewe kaa pembeni na mdomo umefungwa. Akishafika pale inapomsumbua utaona anavyokanyaga, gia iko ngapi, mshale wa mzunguko uko wapi. Ukiendesha wewe utaiendesha kifundi, utaipigia resi, na tatizo litajificha.

2. Jua kwanza kama inakufa chini au inakufa juu.

Hapa ndipo nusu ya kazi inapoishia, na hapa ndipo mnaporuka kila siku.

Gari inayovuta vizuri kuanzia chini, halafu ikifika mizunguko 3500 kwa dakika inaziba, mara nyingi haipati mafuta ya kutosha au haitoi moshi inavyotakiwa: filta, pampu, masega ya bomba la moshi (katalisti) yaliyoziba. Gari inayolegea chini, halafu ukiivusha 2500 inaamka na kukimbia, ina ugonjwa wa ukoo mwingine: upepo wa wizi unaoingia bila kupimwa, EGR (valvu inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) iliyokwama wazi, valvu zisizokaa vizuri kwenye siti zake, taimingi ya kamshafti, au moto dhaifu wa plagi unaoshindwa mzigoni. Nimeona masega yakikatwa na kutupwa kwenye gari iliyokuwa inafika 5500 bila kukohoa. Masega yaliyoziba yasingeiruhusu ifike huko. Mteja alilipa kuchomelea bomba tupu, akapata kelele, na mlima ukabaki kuwa mlima.

Kwa nini chini na siyo juu? Injini ya 1500 cc iliyopata moto, ikiwa saileni (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), inavuta takribani gramu 2 za hewa kwa sekunde. Mpira uliopasuka ukiingiza nusu gramu nyingine, hiyo ni robo ya hewa ambayo sensa haikuiona, kwa hiyo kompyuta haikuiandalia mafuta. Injini hiyohiyo ikiwa 4000 na mzigo inavuta zaidi ya gramu 30, na vakyumu iliyokuwa inanyonya upepo kwenye ule mpasuko imeshuka. Nusu gramu gani itasikika hapo? Ni mrija wa soda wenye tundu: ukinyonya taratibu unapata hewa, ukivuta kwa nguvu soda inapanda.

Valvu inayovujisha nayo ni hivyohivyo. Mzunguko ukiwa chini gesi ina muda wa kutoroka kabla pistoni haijasukumwa. Ukiwa juu muda huo haupo.

3. Soma namba zinazotembea.

Wengi wenu mna kidude cha kuchomeka chini ya usukani na programu kwenye simu. Sisi tulianza kwa kuhesabu mimuliko ya taa ya cheki injini baada ya kuunganisha waya wa chuma kwenye soketi, kwa hiyo naona wivu kidogo. Lakini mnakitumia kusoma namba ya kosa, tuseme P0171, kufuta, na kurudisha gari. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta, basi. Haisemi sensa ya oksijeni imekufa. Sensa imefanya kazi yake ya kutoa taarifa, na nyinyi mnaifungua na kuitupa kwa sababu taarifa ni mbaya.

Fungua trimu ya mafuta, ile asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta, ya muda mfupi na ya muda mrefu, ujumlishe zote mbili. Chukua namba ikiwa saileni, kisha ishikilie 2500, kisha ichukue ukiwa barabarani mlimani. Ikiwa saileni ni +25 na 2500 imeshuka hadi +4, tafuta upepo wa wizi na usipoteze muda kwenye pampu. Ikiwa saileni ni +3 na mlimani inapanda +20, hapo ndipo pampu, filta na sensa ya hewa iliyochafuka zinapoingia. Ikiwa trimu ziko sawa kila mahali na gari bado haivuti chini, mafuta hayana kosa. Nenda kwenye moto, kompresheni na taimingi.

Tahadhari moja kwa Toyota za zamani kidogo, zile za injini za 5A na 4E zenye sensa ya vakyumu badala ya sensa ya kupima hewa: huko upepo wa wizi unapandisha saileni zaidi kuliko unavyopandisha trimu. Msizihukumu kwa namba za injini yenye sensa ya hewa kama 1NZ.

Sensa ya hewa isafishwe kwa dawa yake tu. Hakuna petroli, hakuna brashi, hakuna kidole.

4. Upepo wa wizi una makazi yake.

Mpira mkubwa kati ya sensa ya hewa na throto, hasa ndani ya mikunjo yake. Unaonekana mzima mpaka injini ivute upande ukiweka D, ndipo ufa unafunguka. Mpira wa PCV, ule unaorudisha mvuke wa oili kwenye injini, unaojificha na kulainika kwa oili. Mpira wa busta ya breki. Oringi za nozeli. Gasketi ya manifodi, lile bomba linalogawa hewa kwa silinda. Kijiti cha kupimia oili kisichokaa vizuri, na kifuniko cha oili kilichokauka mpira wake. Anza na vile visivyohitaji spana.

Wengi mnapulizia kabureta klina na kusikiliza. Inafanya kazi, lakini inawaka, na manifodi ya ekzosi iko karibu. Mimi natumia maji kwenye chupa ya kunyunyizia: maji yakiziba ufa kwa sekunde moja sauti inabadilika na trimu inatikisika. Moshi ni bora zaidi, na ile mashine ya moshi tuliyojitengenezea iko pale kwenye kona, inawasubiri, ina vumbi.

Na mjue kuna upepo unaovuja asubuhi tu. Mpira wa gasketi ukizeeka unakuwa mgumu. Ukiwa wa baridi unasinyaa na kuacha nafasi, injini ikipata moto kila kitu kinatanuka na nafasi inajifunga. Gasketi ya manifodi ya injini ya Toyota ya 1ZZ ina tabia hiyo. Sasa niwaeleze nilivyoijua.

5. Silinda zote nne zikisoma chini sawasawa, shuku kipimo chako.

Nilikuwa Arusha, nimeshatoka kwenye usaidizi, naitwa fundi na naupenda mwito huo. Nesi mmoja wa zamu za alfajiri alikuwa na Spacio ya 1ZZ. Malalamiko yake yalikuwa safi kuliko ya mteja yeyote niliyewahi kumpokea: asubuhi, ikiwa ya baridi, kutoka getini kwake mpaka barabara kubwa ni mlima, na gari haipandi mpaka aikanyage sana. Ikishapata moto inakuwa nafuu. Ilianza mwezi wa sita, baridi ya Arusha ilipoingia. Ukisoma maelezo hayo leo, na umetoka kusoma namba 4, unajua jibu. Yeye alinipa jibu lote siku ya kwanza.

Sikumsikia. Alikuwa anamaliza zamu mchana, analeta gari imeshapata moto, mimi naizungusha mtaani, naona inavuta. Nikabadilisha plagi. Akarudi. Nikabadilisha koili mbili. Akarudi. Nikaosha throto, nikafunga pampu. Kila akirudi anasema kwa sauti ileile ya upole, "Kaka, bado," na kila akisema hivyo mimi naona aibu mbele ya wenzangu. Aibu hiyo ndiyo iliyoniharibu. Nikaanza kutaka jibu kubwa, jibu ambalo lingeonyesha kwamba tatizo lilikuwa zito tangu mwanzo na ndiyo maana nimeshindwa.

Nikachukua geji ya kompresheni. Nikavua plagi moja, nikapima, nikairudisha, nikavua ya pili. Injini ilikuwa imepoa. Throto ilikuwa imefungwa, sikukanyaga mafuta. Betri ilikuwa imechoka, stata inazungusha kwa uzito. Zote nne zikasoma kilo 9 kwa sentimita ya mraba, chini ya kiwango cha mwisho cha kitabu, na zikasoma sawasawa. Nikaangalia ile geji, nikajiambia nimepata. Na 1ZZ za miaka ya mwanzo zina sifa yake mtaani: ringi za oili zinakwama, zinakula oili. Nikaikumbuka sifa hiyo haraka. Kumwuliza dada yule kama gari yake inapunguza oili sikukumbuka. Ilikuwa haipunguzi.

Nikamwambia injini imekwisha.

Alinyamaza kidogo, akauliza bei ya injini ya mtumba kutoka Dar. Nikamtajia. Akakopa kwenye kikoba chake. Sikujua wakati ule kwamba amekopa, lakini hata ningejua nadhani nisingebadilisha neno, kwa sababu nilikuwa nimeamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa: sikumdanganya, niliamini kipimo nilichokipima vibaya kwa kuwa kilisema nilichotaka kusikia.

Injini ikaja. Manifodi yake ya plastiki ilikuwa imevunjika sikio njiani, nikachukua ile ya injini ya zamani. Gasketi nikaitoa, nikaifuta kwa kitambaa, nikaigeuza huku na huku, nikaona bado ni nzuri, nikaifunga. Gari ikawaka, ikatulia, tukapongezana.

Asubuhi iliyofuata, saa 11 na nusu, simu ikaita. Hakufoka. Aliniuliza, "Kaka, niambie ukweli, unajua unachofanya?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba aniachie gari usiku mmoja. Nikailaza nje ya gereji, nikafika alfajiri na koti, nikachomeka mashine kabla sijawasha. Ilipoingia kwenye hesabu ya trimu ikaanza kupanda, ikavuka +25, inaendelea. Nikanyunyizia maji chini ya manifodi, pale inapokutana na silinda hedi, upande wa silinda ya pili. Sauti ikabadilika palepale. Nikaacha. Ikarudi. Nikanyunyizia tena. Nilisimama pale na chupa ya maji mkononi mpaka injini ikapata moto na trimu ikashuka yenyewe mpaka karibu na sifuri, mbele ya macho yangu, kama ilivyokuwa imeshuka kila siku mchana kabla sijaipokea.

Gasketi mpya iligharimu pungufu ya plagi moja.

Nilimwita, nikamweleza kila kitu, pamoja na geji na throto iliyofungwa. Hela ya ufundi nilimrudishia siku hiyohiyo, hela ya injini nilimlipa kidogokidogo mpaka ikaisha, na kuna miezi ilinibana sana. Ile injini niliyoihukumu kufa niliipima tena, safari hii sawasawa: moto, plagi zote nje, throto wazi kabisa, betri imejaa. Ilikuwa nzima. Ilifungwa kwenye Corolla ya mtu mwingine na ikafanya kazi.

Kwa hiyo kompresheni inapimwa hivi: injini moto, plagi zote zimevuliwa, mafuta na moto umevikata, pedali ya mafuta imekanyagwa mpaka chini, betri ina nguvu, na kila silinda inazungushwa mizunguko ileile. Tofauti kati ya silinda na silinda inakueleza mengi kuliko namba yenyewe. Kwenye hizi Toyota ndogo isizidi kilo 1. Silinda moja ikiwa chini, mwagia kijiko cha oili upime tena: ikipanda ni ringi, ikikataa ni valvu au gasketi ya hedi.

Na kumbukeni mko wapi. Vitabu vimeandikwa kwa usawa wa bahari. Arusha iko takribani mita 1400 juu, hewa ina shinikizo la kama kPa 85 wakati Dar ni 101, kwa hiyo geji ya kompresheni itasoma pungufu kwa karibu asilimia 15 kwenye injini nzima kabisa. Geji ya vakyumu nayo: injini nzima Dar ikiwa saileni inakaa inchi 18 hadi 21 za zebaki, Arusha usishtuke kuiona 14 au 15. Nairobi, kwenye mita 1795, inashuka zaidi. Fundi akihama kutoka pwani kwenda bara ahamishe na namba zake. Na gari ya mteja aliyehamia Njombe kutoka Tanga kweli imepungua nguvu, haijaumwa; mweleze hivyo na usimuuzie kitu.

6. Moto upimwe ukiwa na mzigo.

Plagi ikiwa nje ya injini inarusha cheche hata ikiwa mbovu, kwa sababu huko nje hakuna shinikizo. Kazi yake ngumu kuliko zote ni mzunguko wa chini, throto wazi, gia ya juu, mlimani: silinda imejaa, shinikizo ni kubwa, na koili dhaifu inaona njia rahisi zaidi ni kupitia ufa kwenye mpira wake. Ndiyo maana inamisi (silinda inakosa kuwaka) kwenye mlima Kitonga na haimisi ukiipigia resi gerejini. Angalia alama nyeusi nyembamba ndani ya mpira wa koili na kwenye kauri ya plagi, na angalia kama oili inaingia kwenye mashimo ya plagi kutoka kwenye sili za kava ya valvu. Usiku nyunyizia maji kidogo kwenye koili injini ikiwa inawaka. Gizani utaona cheche zinazokimbia. Hamisha koili ya silinda ya kwanza kwenda ya tatu uone kama P0301 (kosa la kumisi silinda ya kwanza) itageuka P0303 (ya tatu). Hiyo haina gharama, na ndiyo maana sielewi kwa nini mnaanza kwa kununua.

Plagi za iridiamu za bei ya nusu ni plagi feki.

7. VVT-i, kabla hujagusa cheni.

Kamshafti ya vuta, ambayo VVT-i huisogeza mbele na nyuma, ikikwama mbele, saileni inakuwa chafu, vakyumu inashuka, gari inataka kuzima ukisimama. Ikikwama nyuma, saileni inatulia vizuri kabisa lakini nguvu ya katikati, ile ya kuanzia 1500 mpaka 3000, haipo. Mara nyingi chanzo ni oili iliyokaa muda mrefu ikageuka ugoro na kuziba kichujio kidogo cha valvu ya oili ya VVT-i. Vua valvu, angalia kichujio chake, ipe umeme wa betri kwa muda mfupi uone kama inasogea. Ikisogea na namba P0011 (kosa la taimingi ya kamshafti) bado inarudi, ndipo ufikirie cheni iliyorefuka au iliyoruka jino. Wapo waliofungua kava ya cheni siku nzima kwa ajili ya kichujio kinachosafishwa kwa dakika kumi. Nawajua kwa majina, na wawili wanasoma hapa.

8. Injini inaweza kuwa haina kosa.

Gari ya otomatiki ikiwa nzito kuondoka, halafu ikishakimbia inakuwa nzuri, na ukiwa N inapanda resi bila shida, fikiria toki konveta, ile inayopitisha nguvu ya injini kwenda gia boksi. Kifaa chake cha ndani kinachotakiwa kuzunguka upande mmoja kikiharibika, gari inapoteza ule msukumo wa kuondokea. Pima kwa kuweka D, breki zote mbili zimekazwa, kanyaga mafuta mpaka chini, soma mzunguko, achia. Isizidi sekunde 5, asiwepo mtu mbele ya gari, na usirudie mpaka gia boksi ipoe. Ikisoma chini sana ya kitabu na injini umeshaithibitisha kuwa nzima, jibu liko kwenye konveta.

Kabla hata ya hapo inua gurudumu moja moja uzizungushe kwa mkono. Tulipokea Harrier iliyofungwa pampu mpya ya mafuta kwingine, mafundi wa huko wakaona haitoshi wakaongeza sensa ya hewa. Kalipa mbili za breki za nyuma zilikuwa zimekwama. Rimu zilikuwa za moto kiasi cha kutogusika, na hakuna aliyezigusa.

9. D-4 na dizeli, kwa ufupi.

1AZ-FSE, injini ya D-4 ya Toyota, inamwaga mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu za vuta hazioshwi na petroli na zinajenga masizi mpaka njia ya hewa inakuwa nyembamba. Dawa ya kumimina kwenye tenki haifiki huko. Manifodi ivuliwe, zisafishwe kwa mkono. Safisha na EGR ukiwa hapo.

Kwa watu wa dizeli: injini ya 1KD yenye turbo ya mapezi yanayojigeuza, mapezi yakikwama wazi gari inakuwa imelala kabisa mpaka ifike kama 2500. Angalia mkono wa turbo unasogea kabla ya kusema turbo imekufa, na kagua mipira ya intakula (kipozeo cha hewa ya turbo) kwa mikono, kwa chini, pale oili inapotoka jasho. Mpira wa elfu kadhaa umeshasababisha turbo nyingi nzuri kuvuliwa.

10. Kadi ya kazi ijazwe.

Kuanzia Jumatatu kadi itakuwa na sehemu mpya: injini baridi au moto, trimu saileni, trimu 2500, vakyumu, na maneno ya mteja kama alivyoyasema yeye. Baada ya kazi mnajaza namba hizohizo tena, gari ikiwa kwenye hali ileile iliyokuwa inamsumbua. Kadi isiyo na namba za kabla, sisaini kununua kipuri chochote, hata kama ni klipu ya mpira. Vipuri vilivyotolewa vinarudishwa kwa mteja ndani ya boksi, akivitaka asivitake.

Gari yenye tatizo la asubuhi inalala hapa. Mwambieni mteja mapema ili apange usafiri, na msimwambie "ilete tu mchana tuiangalie." Tutaiwasha pamoja saa 12 kamili, chupa ya maji iwe imejazwa na mashine imechomekwa. Maandazi nitaleta mimi. Atakayechelewa ataosha sampu ya ile Hiace, na mmeiona ilivyo.